Aiskrimu ya mashine imekataa kushika? Anza na friza kabla uguse resipi

Aiskrimu ya mashine nilijifunzia Nakuru, tukiishi Section 58, na kwa karibu miaka mitatu sikumbuki kuharibu hata bakuli moja. Alafu tukahamia Kisumu, upande wa Mamboleo, nikaja na mashine ileile, resipi ileile, ata vijiko vya kupimia ni vilevile, na siku ya kwanza nimeita watoto wa ploti nzima nikawasha mashine ikazunguka dakika 40 na bado mle ndani ni uji. Watoto wamekaa na vikombe mkononi. Niliumia sana siku hiyo. Wiki kama tatu nikawa nabadilisha resipi, nikaongeza krimu, nikapunguza sukari, nikanunua vanila ya bei kali, na hakuna kilichosaidia juu shida haikuwa hapo. Shida ilikuwa baridi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, asubuhi ya Julai unapika ukiwa na sweta, kwa hivyo makosa yangu madogo ya baridi yalikuwa yanafunikwa na hali ya hewa bila mimi kujua. Kisumu iko chini, kama mita 1,130, mchana unapiga nyuzi 29 au 30, na hapo kila kosa linaonekana.

Tangu hapo majirani, watu wa kanisa, ata shemeji wangu wa Kakamega, wananiuliza maswali yaleyale na nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Nitafuata dalili moja moja venye watu huniambia. Ndio tuelewane, resipi ninayoongelea ni hii: maziwa nusu lita, krimu nzito ya asilimia 35 robo lita, sukari gramu 150, viini vya mayai 4, chumvi punje kidogo, vanila. Na mashine ninayoongelea zaidi ni ile ya bakuli la kuta mbili lenye maji maji ndani, unalala nalo friza alafu unaliweka juu ya mota, juu ndiyo wengi wetu tunaanza nayo. Za kompresa, zile zinajipoza zenyewe kama friji, na za ndoo ya chumvi, ambapo mkebe wa aiskrimu unazunguka ndani ya ndoo ya barafu na chumvi, nitafika mbele.

Imezunguka nusu saa na bado ni uji

Anza na bakuli. Yale maji maji ya ndani ya kuta lazima yagande kabisa, na hiyo si kazi ya saa tatu, ni saa 16 mpaka 24, na kama friza imejaa vitu mimi naliacha siku mbili. Kipimo ni kulitoa na kulitikisa karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani lirudishe, ata kama wageni wako kwa mlango, juu ukiendelea utapoteza maziwa, krimu na mayai yote.

Kuna wale bakuli limekaa friza wiki mzima na bado linacheza. Hapo friza yenyewe ndiyo haina nguvu. Angalia kwa mlango wa ile sehemu ya barafu, kuna alama za nyota. Nyota moja maana yake inafika kama nyuzi -6, mbili ni -12, tatu ni -18. Zile friji ndogo za mlango mmoja tunazonunua tukianza maisha, ile sehemu ya juu mara nyingi ni nyota moja au mbili, itakugandishia maji ya kunywa vizuri tu na utadhani iko sawa, lakini bakuli la aiskrimu linataka -18. Huwezi kurekebisha hii kwa kuzungusha kile kitufe mpaka mwisho. Kama hauna friza ya nyota tatu, ongea na jirani mwenye dipfriza, au mwenye duka hapo karibu, mwambie bakuli litakaa kwake usiku mmoja. Mimi nilifanya hivyo miezi minne na nilikuwa nampelekea kikombe chake kila Jumamosi. Na likiwa mle likae nyuma kabisa, si karibu na mlango, wala lisigusane na nyama au samaki waliowekwa saa hiyohiyo wakiwa na joto la nje. Liwe limekauka pia, juu ukiliingiza na matone ya maji yanageuka ngozi ya barafu ndani na mwiko wa mashine utakwaruza hapo.

Sasa tuseme bakuli liko sawa, halichezi. Unalitoa, alafu unakumbuka mwiko uko kwa kabati, alafu simu inalia, dakika kumi zimeenda na bakuli limeanza kutoka jasho. Huku kwetu huo ubaridi hauwezi kungoja. Mimi naweka kila kitu tayari kwanza: mashine imechomekwa, mwiko uko juu ya meza, mchanganyiko uko kwa jagi ndani ya friji, kontena tupu ya kuwekea iko friza inapoa, ndio nafungua kutoa bakuli, na kutoka hapo mpaka mashine inazunguka isipite dakika moja. Na sifanyi hii kazi saa nane mchana jiko likiwaka kando, nafanya usiku au saa kumi na mbili asubuhi.

Alafu mchanganyiko wenyewe, na hapa ndipo nilikosea zile wiki tatu zote. Resipi ilisema upoe. Nakuru nikiuacha juu ya meza ulikuwa unapoa kweli. Kisumu kitu "kilichopoa" juu ya meza ni nyuzi 28! Bakuli limebeba ubaridi wa kiasi fulani tu, haliwezi kutengeneza mwingine, sasa ukilimwagia mchanganyiko wa nyuzi 28 linautumia wote kuushusha tu mpaka karibu na sifuri, na ikifika ile saa yenyewe ya kugandisha bakuli limeshachoka. Unataka mchanganyiko uingie ukiwa nyuzi 4 ama chini ya hapo. Ukitoa sufuria kwa moto iweke ndani ya karai la maji yenye barafu, koroga mpaka joto liishe, funika, weka friji usiku mzima. Huo usiku haupotei bure, mafuta ya krimu yanashikana vizuri na siku ya pili aiskrimu inabeba hewa vizuri zaidi na inakuwa laini, utaona tofauti ata bila kuambiwa.

Usijaze pia. Bakuli lililoandikwa lita 1.5 halitaki lita 1.5, ile resipi yangu ya juu inatoa karibu lita moja na hiyo ndiyo mwisho, juu mchanganyiko unavimba ukiingia hewa na ukijaza ule wa katikati haugusi ukuta wenye baridi.

Ukishaangalia hayo yote na bado ni uji, sasa ndio tunaweza kuongea resipi. Sukari nyingi inazuia kuganda, asali inazuia zaidi, na pombe zaidi ya zote. Kama unapenda kuweka ramu, vijiko viwili au vitatu vya mezani kwa lita moja basi.

Na kitu kimoja watu hawaambiwi: aiskrimu ikitoka kwa mashine haifai kuwa ngumu. Inatoka kama nyuzi -5, laini, inajishika kwa mwiko kama mash ya viazi, alafu inaenda friza saa nne ama zaidi ndio iwe ya kuchota. Nimekutana na watu wameizungusha dakika 50 wakingoja iwe ngumu mle ndani, na waliiharibu wakati ilikuwa imeshaiva kwa dakika 25.

Inagonga tak tak tak alafu mwiko unasimama

Washa mashine kwanza, mwiko uzunguke, ndio umwage mchanganyiko polepole ikiwa inazunguka. Ukimwaga alafu ukawashe, ile sekunde kumi inatosha kugandisha ngozi ngumu kwa ukuta na mwiko unakwama hapo. Kama imegonga baada ya dakika 20 au 25 basi hiyo ni habari njema, imeiva, zima. Usiisukume kwa mkono ukiisaidia kuzunguka, gia za ndani za hizi mashine nyingi ni plastiki na zikikatika meno kuzipata ni kazi.

Imeshika lakini ina barafu barafu ukitafuna

Hii ndiyo inaulizwa kuliko zote na majibu yake ni mengi kidogo. Kila aiskrimu ina barafu ndani, ata ile ya dukani, tofauti ni ukubwa wa punje. Ikiganda haraka punje zinakuwa ndogo sana ulimi hauzisikii, ikiganda polepole zinakua kubwa. Kwa hivyo ile sehemu ya juu yote kuhusu bakuli na mchanganyiko inahusu hapa pia, juu bakuli lenye ubaridi nusu litakupa aiskrimu, ndiyo, lakini ya dakika 45 na punje kubwa.

Kama hiyo iko sawa angalia maji. Maziwa ya ng'ombe mazuri yana mafuta kama asilimia 3.5 mpaka 4, ya Jersey hufika 5, na yaliyobaki mengi ni maji tayari. Sasa kama anayekuletea ameongeza maji yake, hicho ndicho kinageuka barafu. Mtu wa maziwa anayejiheshimu hatakataa ukimwomba apime na laktomita, kile kifaa cha kuangalia uzito wa maziwa, mbele yako, maziwa ya kawaida yanasoma kati ya 1.028 na 1.032, yakiwa chini ya hapo kuna maji yameingia. Nikiwa Nakuru nilikuwa nachukua maziwa ya Njoro, mazito, na naamini yalinisaidia zaidi ya venye nilidhani wakati huo.

Krimu ikikosekana ama bei imepanda, na hupanda, msipike tu maziwa na sukari mkitegemea mashine ifanye muujiza. Chukua maziwa kama mililita 600, ongeza maziwa ya unga vijiko 3 vya mezani, na konflawa kijiko kimoja na nusu ukikoroge na maziwa baridi kwanza, alafu pika mpaka iwe nzito na ile ladha ya unga iishe. Sukari gramu 110 inatosha hapo. Konflawa inayashika maji yasitembee kutengeneza punje kubwa. Haifiki ile ya krimu, siwezi kukudanganya, lakini ni tamu na watoto wanamaliza. Ukizidisha konflawa inavutika kama ugali mwepesi, kwa hivyo shika kipimo.

Alafu kuna ile iko sawa siku ya kwanza na siku ya nne ina barafu. Hiyo inaharibikia friza. Kila mara mtu akifungua mlango akitafuta kitu, juu ya aiskrimu panayeyuka kidogo na panaganda tena polepole, na kila mzunguko punje zinakua. Weka kwa kontena pana isiyo na kina kirefu ili igande haraka, bandika karatasi ya kuokea juu ya aiskrimu yenyewe, iguse kabisa, ndio ufunike na kifuniko, isukume nyuma kabisa. Na ukiitoa mezani ikalainika, usirudishe yote, rudisha ile haijaguswa tu.

Vipande vya matunda ni hadithi ingine. Embe freshi ukilikata ukaliweka hivyo linageuka mawe ndani ya aiskrimu juu ni maji matupu. Kata vipande vidogo, nyunyizia sukari, acha saa mbili, mwaga yale maji, ndio uweke, na uweke dakika mbili za mwisho za kuzunguka.

Ngumu kama jiwe, kijiko kimepinda

Mtu amepunguza sukari. Karibu kila mara ni hiyo. Shemeji wangu alikata sukari nusu juu mzee wao nyumbani ana kisukari, akili nzuri kabisa na moyo mzuri, lakini aiskrimu ikawa tofali. Sukari kwa aiskrimu ina kazi mbili, kuweka utamu na kuzuia maji yote yasigande, na ukiiondoa unaondoa zote mbili. Ile ya badala ya sukari ya vidonge inarudisha utamu peke yake. Ukitaka kumtengenezea mtu kama huyo ni heri kikombe kidogo kiliwe hapohapo kikitoka kwa mashine kikiwa bado laini, na aulize daktari wake kuhusu maziwa na krimu pia.

Kwa sisi wengine, sukari ikae kati ya asilimia 14 na 18 ya uzito wote. Ukionja mchanganyiko kabla uende friji na ukasikia ni mtamu kupita kiasi kidogo, uko sawa, juu baridi inaficha utamu. Unaweza pia kutoa robo ya sukari na kuweka asali badala yake, inalainisha. Na ile imeshakuwa jiwe tayari usiitupe, ihamishe kutoka friza kwenda friji dakika 20 kabla ya kula.

Inaacha mafuta kwa mdomo, ama kuna vipunje vya njano

Umetengeneza siagi. Krimu nyingi, ama imezunguka muda mrefu sana, ama iliingia ikiwa na joto ikazungushwa kabla ishike baridi. Haiwezi kurudi. Mara ingine krimu isizidi nusu ya maziwa na uzime ikishakuwa nzito.

Imekatika kwa sufuria kabla ata ifike mashine

Mayai kwanza. Viini vinashika vizuri nyuzi 82 mpaka 84, ukipita 85 vinaanza kukatika vipande kama mayai ya kukaanga. Watu wengi wanangoja kuona povu ya kuchemka ndio watoe, na hapo wamechelewa, na huku kwetu usifikirie kuchemka ni nyuzi 100, maji Nakuru yanachemka kama nyuzi 94 na Kisumu kama 96. Nunua themometa ya jikoni kama unaweza. Kama hauna, chovya mwiko wa mbao, pitisha kidole mgongoni mwake, ule mstari ukibaki bila kufunikwa, toa mara moja na umwage kwa bakuli lingine baridi juu sufuria yenyewe inaendelea kupika. Ikikatika kidogo, blenda sekunde 20 na upitishe kwa chujio, mara nyingi inaokoka. Ikinuka mayai kabisa haiokoki.

Pasheni, ndimu na matunda yote makali usiweke kwa maziwa moto, yatakatika mbele ya macho yako. Subiri mchanganyiko uwe baridi kabisa, weka juisi, zungusha hapohapo.

Nanasi na papai zina mambo yake na hii ilinisumbua sana juu nanasi ni yangu ya roho. Nilikuwa naliblendi likiwa freshi, nachanganya na maziwa jioni, asubuhi nakuta yamekatika na yana uchungu fulani wa ajabu. Nikabadilisha maziwa, nikabadilisha nanasi. Kumbe nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokula protini ya maziwa, na papai bichi lina chake pia, ndicho hichohicho kinacholainisha nyama ngumu mtu akiipaka papai. Dawa ni moto. Chemsha nanasi na sukari yake dakika tano mpaka saba, lipoe kabisa, ndio uchanganye. La mkebe limeshapikwa, hilo halina shida.

Sukari nguru pia. Sisi wa huku tuko karibu na miwa na nguru inapatikana sokoni Kibuye bila shida, na aiskrimu ya nguru na njugu, jamani, mimi sijaona kitu kizuri kama hicho, ina ladha ya moshi kidogo na ile njugu ya kukaanga inaitikia. Lakini nguru ina uchachu wake na ukiitupa ndani ya maziwa yanayochemka yanakatika. Iyeyushe peke yake na maji kidogo, ichuje maana huwa na uchafu wa miwa, ipoe, ndio uitie kwa maziwa yaliyopoa. Njugu zikaangwe, zipoe, ziingie mwishoni kabisa.

Kama mchanga mwororo kwa ulimi, lakini hauyeyuki haraka

Huo si barafu, ni sukari ya maziwa imejitenga. Umezidisha maziwa ya unga. Vijiko vitatu ni vitatu.

Sobei imekuwa ukuta wa barafu, ama haishiki kabisa

Sobei ni ile ya matunda, sukari na maji bila maziwa, na hapa sukari ndiyo kila kitu maana hakuna mafuta ya kusaidia, inataka kama asilimia 25 mpaka 30. Lakini embe la leo si tamu kama la jana, kwa hivyo kupima kwa kijiko kunakudanganya. Kuna njia ya zamani na ninaiamini. Chukua yai freshi, lioshe vizuri na sabuni, lisuuze, liweke polepole ndani ya ile juisi iliyochujwa na kutiwa sukari. Likizama, sukari haitoshi. Likielea na sehemu inayotokea juu iwe kama sarafu ya shilingi kumi, umefika. Ikitokea kubwa zaidi ya hapo sukari imezidi, ongeza juisi ama maji. Lazima yai liwe freshi, la zamani linaelea ata kwa maji matupu na litakudanganya.

Ina ladha ya samaki

Nakuru sikuwahi kuulizwa hii. Kisumu ni kila mwezi! Mafuta ya maziwa yanavuta harufu, na kama friza moja ina mbuta, omena na aiskrimu, unajua ni nani atashinda. Samaki wafungwe kwa kontena yenye kifuniko cha kukaza, si karatasi, na aiskrimu vilevile. Na bakuli la mashine nalo, watu wanasahau hilo, linakaa friza siku mbili wazi mdomo juu, linashika harufu yote. Lifunike.

Ya kompresa haipozi, ama imekataa kuwaka

Hizi zinajipoza zenyewe, hauhitaji kulaza bakuli. Kama imefika na basi ikiwa imelala ubavu, isimamishe wima saa 24 kabla uiwashe, juu mafuta ya kompresa yametembea kwenye mirija na ukiwasha hivyo unaweza kuiua siku ya kwanza. Stima ikipotea na kurudi, ngoja dakika tano ndio uwashe tena. Jioni voltiji ikishuka, utaona taa zimefifia, kompresa inanguruma tu bila kuanza, zima, usiiache ijaribu jaribu. Gadi ya friji, ile ya kuchomeka kwa soketi, inafaa hapa kuliko mahali pengine popote.

Na kama mtu amekuletea mashine kutoka Marekani, geuza usome nyuma kabla ya furaha. Ya kule ni volti 120 na hezi 60, yetu ni 240 na hezi 50. Transfoma ya kushusha itarekebisha volti lakini hezi haigusi, mota itazunguka polepole zaidi na kupata joto, na kompresa ndiyo huumia zaidi. Ile ndogo ya mota peke yake unaweza kuitumia na transfoma ukiipumzisha. Ya kompresa mimi singeichukua.

Ya ndoo, barafu na chumvi

Kama stima kwenu ni ya kubahatisha hii ni mashine ya heshima. Ikichelewa kushika, chumvi ni kidogo, barafu peke yake haishuki chini ya sifuri ikiyeyuka, chumvi ndiyo inaishusha, inaweza fika ata -21. Mimi naweka kilo moja ya chumvi kwa kilo nne za barafu, tabaka kwa tabaka, chumvi ya mawe ni bora kuliko ile laini. Barafu ya wauza samaki inafaa kwa huko nje ya mkebe na ni bei nafuu, lakini isiguse aiskrimu ata tone moja, na kabla ya kufungua kifuniko pangusa maji ya chumvi yote juu. Aiskrimu ikitoka na chumvi, ni hapo ilipoingilia, ama maji ya chumvi yalijaa kwa ndoo yakapita juu ya mkebe, kwa hivyo toboa tundu pembeni mwa ndoo yatoke.

Bakuli linavuja maji maji ya rangi

Ukuta umepasuka, mara nyingi juu mtu aliliosha na maji moto likiwa bado limeganda. Tupa na chochote kilichokuwa ndani, usijaribu gundi. Jipya linunuliwe la mashine hiyohiyo, na la kesho liachwe lipate joto la nyumba kwanza ndio lioshwe na maji ya uvuguvugu.

Stima ilipotea usiku, je aiskrimu bado iko sawa?

Friza iliyojaa na haijafunguliwa inashika baridi kama saa 48, ya nusu kama saa 24. Shida ni kama haukuwa nyumbani, haujui ilipotea saa ngapi, na unaikuta imeganda tena inaonekana nzima kabisa. Gandisha maji kwa kikombe, weka sarafu juu ya hiyo barafu, kikombe kikae mle friza siku zote karibu na aiskrimu. Ukirudi safari ukute sarafu bado iko juu, chota ule. Ukikuta imezama katikati ama chini kabisa, basi kila kitu mle kiliyeyuka na kuganda tena, na aiskrimu hiyo ina maziwa na mayai, usiwape watoto, mwaga.